Mti wa Pekani na Kazi ya Antoine



Leo nitawasimulia habari za mpekani, mti ambao njugu zake ni biashara kubwa katika majimbo ya kusini ya Marekani.

Asili yake ni mti wa mwituni katika bonde la mto Mississippi. Wenyeji wa nchi ile walizila njugu zake tangu kale, kabla Wazungu hawajafika. Lakini ilikuwa vigumu kuulima kwa biashara, kwa kuwa mbegu yake haifuati mama. Waweza kupanda njugu nono yenye ganda jembamba, ukangoja miaka mingi, kisha ukavuna vinjugu vyenye ganda gumu. Aliyepanda parachichi la kokwa anaijua hasara hiyo.

Dawa ilipatikana Louisiana, katika shamba la miwa liitwalo Oak Alley. Huko alikuwako mtunza bustani, jina lake Antoine, naye alikuwa mtumwa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1846 kuingia 1847, alitwaa vijiti vya mpekani mmoja bora, akaviunganisha na miti mingine. Miti 16 ikashika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, ilikuwapo miti 126.

Je, Antoine alipata nini? Katika orodha ya mali ya shamba ya mwaka 1848 aliandikwa pamoja na bei yake: dola 1,000. Jina la ukoo wake halikuandikwa. Mwaka 1876 njugu za miti ile zilipata tuzo katika maonyesho makubwa ya Philadelphia, zikaitwa Centennial, yaani za miaka mia. Lakini aliyezipeleka ni mwenye shamba wa wakati huo. Baadaye miti ikakatwa, ikapandwa miwa.

Hata hivyo maarifa hayakukatwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, kandokando ya mji wa Albany, jimbo la Georgia, wakulima walipanda mashamba makubwa ya mipekani ya kuunganishwa, na Georgia ikawa ya mbele katika zao hilo. Kimbunga kiitwacho Michael kilipoangusha miti mingi huko Oktoba 2018, waliotaka kupanda tena walirudia miche ya kuunganishwa, kwa njia ile ile ya Antoine.

Ndugu zangu, mali inaweza kuandikwa kwa jina la mwingine, lakini ustadi una mwenyewe. Tumkumbuke.