Ukurasa Usipofunguka: Tujue Kwanza Kamba Imekatikia Wapi




Leo tunazungumza nanyi kuhusu jambo ambalo kila mmoja wetu amekwisha kukutana nalo: mtu anafungua tovuti, alama ya duara inazunguka, na ukurasa haufunguki.

Tuchukue mfano wa mzazi anayemwombea mwanawe nafasi ya masomo. Mwisho wa kupokea maombi ni saa sita usiku. Ilipofika saa tano na nusu amekwisha kujaza fomu, ameingiza namba yake ya simu, na ameidhinisha ada kwa namba yake ya siri. Duara linazunguka dakika mbili, kisha kivinjari kinaandika kwamba kimesubiri jibu bila kulipata. Afanye nini? Wengi wetu tungebonyeza kitufe cha kulipia mara ya pili, na pengine ya tatu. Hapo ndipo tatizo dogo la mawasiliano linapogeuka kuwa hasara ya fedha.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Nasaha yetu ya leo ni kwamba kabla ya kuivuta tena kamba, tutafute kwanza imekatikia wapi. Kazi hiyo haihitaji fundi. Inahitaji utulivu na dakika chache.

Tuanze na safari yenyewe. Tunapoandika anwani ya tovuti, kivinjari hakijui tovuti hiyo iko wapi. Huiuliza kwanza seva ya majina, ambayo kazi yake ni kutafsiri jina kuwa namba, kama tunavyotafuta namba ya mtu kwenye orodha ya majina katika simu. Kikishapata namba hiyo, kivinjari hubisha hodi kwenye seva ya tovuti. Seva hutoa cheti chake cha usalama, kivinjari hukikagua, na ndipo ombi letu linapotumwa. Hata hapo safari haijaisha. Katika tovuti nyingi, seva ya mbele hupokea ombi na kulipeleka kwa seva ya programu iliyo nyuma yake, nayo huuliza hifadhidata kabla ya kujibu. Jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Kiungo kimoja kikilegea, sisi tulio mwisho wa kamba tunaona kitu kile kile: duara linazunguka.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: je, ni tovuti hii peke yake? Tufungue tovuti nyingine mbili ambazo hatukuzifungua siku hiyo. Zikikataa zote, tatizo liko karibu nasi au kwa mtoa huduma wetu. Tuangalie kama kifurushi kimekwisha. Tuzime Wi-Fi na kutumia data ya simu. Ukurasa ukifunguka kwa data, hitilafu iko kwenye ruta au kwenye huduma inayoilisha ruta hiyo. Tukiwa hotelini au kituo cha mabasi, tukumbuke kwamba Wi-Fi nyingi za umma hazipitishi chochote mpaka mtumiaji akubali masharti kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Swali la pili linahusu saa. Wengi hawalijui jambo hili. Cheti cha usalama cha tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Simu ambayo tarehe yake imerudi nyuma miaka mitatu, labda kwa sababu betri ilikwisha kabisa, itaona vyeti vya tovuti nyingi kuwa si halali. Turekebishe tarehe na saa, kisha tujaribu tena. Lakini ikiwa saa yetu ni sahihi na onyo la usalama bado lipo, tusilipuuze. Tusiandike neno la siri wala taarifa za malipo kwenye ukurasa huo, hata kama muda unatubana.

Swali la tatu: je, tumeletewa namba? Namba yenye tarakimu tatu kwenye ukurasa wa kosa si pambo. Ni jibu, na kwa kawaida maana yake ni kwamba ombi letu limefika upande wa pili. Namba zinazoanza na 4 husema kuna jambo la kuangalia katika ombi lenyewe. 404 ina maana kwamba ukurasa tuliouomba haupo, na huenda tumekosea anwani. 401 hututaka tujitambulishe upya. 403 husema haturuhusiwi kuingia hapo. 429 husema tumetuma maombi mengi mno kwa muda mfupi. Namba zinazoanza na 5 huelekeza upande wa mwenye tovuti. 500 ni hitilafu ndani ya seva. 502 ina maana kwamba seva ya mbele imepata jibu lisiloeleweka kutoka nyuma. 503 husema huduma haipatikani kwa wakati huo, mara nyingi kwa kuzidiwa au kwa matengenezo. 504 husema seva ya mbele imesubiri jibu la nyuma mpaka muda ukaisha. Tukiona namba za kundi hili, kuizima na kuiwasha simu hakusaidii, na kununua kifurushi kipya hakusaidii pia.

Wakati mwingine kamba hukatika mbali sana. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka duniani kwa takriban saa sita. Kosa lililofanyika wakati wa matengenezo lilizitenga seva za kampuni hiyo na mtandao, zikiwamo seva zake za majina, na vivinjari havikujua tena pa kubisha hodi. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na watumiaji katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, wakapata intaneti dhaifu au kuikosa. Katika siku kama hizo hakuna kitufe kwenye simu yetu kinachoweza kurekebisha jambo. Kinachotakiwa ni kusubiri na kufuatilia taarifa za mtoa huduma.

Sasa turudi kwa mzazi wetu. Yeye hakuletewa namba. Aliletewa kimya, na kimya ndicho chenye hatari kubwa kuliko yote, kwa sababu hakisemi kamba imekatika wakati wa kwenda au wakati wa kurudi. Ikiwa imekatika wakati wa kwenda, malipo hayakufika. Ikiwa imekatika wakati wa kurudi, malipo yamekwisha kupokelewa na kilichopotea ni jibu tu. Kwenye kioo cha simu hali hizo mbili hazitofautiani. Akibonyeza tena, huenda akakatwa mara mbili.

Kwa hiyo kimya kisichukuliwe kuwa kukataliwa. Kabla ya kurudia malipo, mzazi huyu afungue ujumbe mfupi wa simu atazame kama uthibitisho wa muamala umekuja. Aangalie salio lake. Kisha afungue dirisha jipya la kivinjari, aingie upya kwenye akaunti ya maombi, na kusoma hali ya malipo. Ikionekana yamepokelewa, aendelee na hatua inayofuata. Ikiwa fedha zimekatwa lakini tovuti haijatambua, asilipe tena. Awasiliane na mtoa huduma ya fedha na mwenye tovuti, akiwa na namba ya kumbukumbu ya muamala mkononi.

Tunaomba sana tuhifadhi ushahidi. Tupige picha ya skrini inayoonesha anwani ya tovuti, saa, na maneno au namba ya kosa. Ushahidi huo humsaidia mwombaji kueleza kwamba alijaribu kabla ya muda kwisha. Humwonesha fundi pa kuanzia pia, kwani kati ya "mtandao unasumbua" na "nimepata 504 saa tano na dakika thelathini na mbili usiku", kauli ya pili ndiyo inayofanyiwa kazi haraka.

Malalamiko nayo yana mlango wake. Tovuti zote zikikataa, tuanze kwa mtoa huduma wa intaneti. Ikikataa moja kwa namba za 5, tuanze kwa mwenye tovuti. Fedha zikipotea, tuanze kwa mtoa huduma ya fedha. Kila tunapolalamika tuombe namba ya lalamiko na kuiandika. Mtoa huduma wa mawasiliano asipotatua jambo letu, ndipo tulilete kwa Mamlaka pamoja na ushahidi huo. Na tujihadhari na wanaojitokeza kwenye mitandao ya kijamii wakijiita huduma kwa wateja. Mtumishi wa kweli hahitaji namba yetu ya siri.

Kwa taasisi zinazopokea maombi mtandaoni, nazo tuna neno. Mfumo ulioandaliwa vyema hutambua malipo yaliyorudiwa na kuyahesabu mara moja. Usiku wa mwisho si siri kwa yeyote. Wingi wa watu unajulikana kabla haujafika, na seva ziandaliwe kwa wingi huo.

Tusiwafiche: Mamlaka inaweza kufuatilia huduma mbovu, lakini haiwezi kuirudisha saa sita ya usiku iliyokwisha kupita. Kwa hiyo tutume maombi mapema, tukiwa na siku kadhaa mkononi. Na siku duara litakapozunguka, tuondoe kidole kwenye kitufe, tusome kilichoandikwa, kisha tuangalie ujumbe wa simu kabla ya kubonyeza tena.