Vitundu Chini ya Vanishi

Katika mazungumzo haya ya kila wiki nimekwisha kuwakumbusha mara nyingi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nimeitumia nilipozungumzia barabara, mifereji ya maji machafu, na hata malezi ya watoto. Leo nataka kuwasimulia jinsi mimi mwenyewe, niliyekuwa nikiisema kwa sauti ya kujiamini, nilivyoshindwa kuziba vitundu vidogo kama alama za ncha ya sindano, na jinsi vitundu hivyo vilivyonifanya nimdanganye kijana wa watu.

Wengi wenu mnaijua sauti yangu. Wachache ndio wanaojua kwamba saa zangu za mapumziko huishia katika kibanda kimoja pale Keko, jijini Dar es Salaam, jirani na mafundi wa samani. Wao hutengeneza vitanda na makabati. Mimi hutengeneza magitaa, moja baada ya jingine, kwa mikono yangu.

Kabla sijafika kwenye kosa langu, nipeni nafasi nieleze kazi yenyewe. Mbao si kitu kilichoshikana kama kioo. Mti ulipokuwa hai ulivuta maji kutoka mizizini hadi majanini kupitia mishipa. Ukishapasuliwa na kupigwa randa, mishipa ile hukatwa na kubaki wazi, ikionekana kama mikwaruzo mifupi myembamba. Mninga na mkangazi ina mishipa mipana, unaweza kuihisi kwa ukucha. Mpingo, ambao hutumika kutengenezea klarineti, umeshikana mno, hata mishipa yake huioni kwa urahisi. Mbao za paini hazina mishipa ya namna hiyo kabisa. Ndiyo maana uso wa gitaa, ambao kwa kawaida hutengenezwa kwa miti ya jamii ya paini, hauhitaji kuzibwa. Kazi iko mgongoni na ubavuni.

Ukipaka vanishi juu ya mninga bila kuuziba, vanishi huzama katika kila mshipa, na mng'ao unakuwa na mashimo. Unaweza kupaka tena na tena mpaka pawe sawa, lakini ganda la vanishi likiwa nene, mbao haitikisiki vizuri, na gitaa ambalo mbao zake hazitikisiki sauti yake hufifia. Kwa hiyo fundi huziba kwanza, ili vanishi ipate kuwa nyembamba.

Njia ni nyingi. Mafundi wa Hispania kwa miaka mingi wametumia shelaki, yaani gundi itolewayo na wadudu wadogo wa nchi kama India na Thailand, iliyoyeyushwa katika spiriti. Hunyunyiza unga laini wa jiwe la volkano, kisha husugua kwa kitambaa kilichoviringwa, mzunguko baada ya mzunguko. Unga ule hukwangua vumbi la mbao yenyewe, na vumbi hilo ndilo linaloshindiliwa mishipani. Ni kazi ya siku nyingi na mkono uliochoka.

Mimi hutumia njia ya jirani zangu wa samani, ambayo ni fila: unga laini uliochanganywa na mafuta na rangi, mzito kama samli. Huipaka na kuisukuma kwa kipande cha plastiki kigumu, kwa kuikingama mishipa. Ikianza kufifia mng'ao, huifuta kwa kipande cha gunia, tena kwa kukingama, kwa sababu ukifuta kwa kuifuata mishipa utaitoa fila ile ile uliyoiingiza. Baada ya hapo ni msasa laini, kupaka tena mara ya pili, na kusubiri.

Hapo kwenye kusubiri ndipo nilipoanguka.

Alikuja kijana mmoja, mwalimu wa kwaya, akaniagiza gitaa la mninga. Alilipa kwa mafungu, kila mwisho wa mwezi, akitoa noti zilizokunjwa ndani ya bahasha. Nilimwahidi kwamba Jumamosi fulani atasafiri nalo kwenda Mwanza. Nilichelewa kwenye shingo, nikachelewa kwenye gundi, na Jumatatu ya wiki ile ndiyo kwanza nilikuwa napaka fila. Ilikuwa masika. Hewa ya Dar es Salaam mnaijua, nguo unaianika asubuhi na jioni bado ni mbichi. Fila ilihitaji siku kadhaa. Mimi niliipa usiku mmoja. Jumanne nikapaka vanishi.

Jumamosi gitaa lilimetameta kama kioo. Kijana alijiona uso wake mgongoni mwa gitaa akacheka. Nami nikacheka.

Fila isiyokauka huendelea kukauka hata ukiifunika. Inapokauka husinyaa, inaposinyaa huzama, na vanishi huifuata chini. Baada ya miezi mitatu kijana alirudi Dar es Salaam, akaja kibandani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gitaa linasemaje?"

Alilitoa mfukoni akaligeuza kwenye mwanga wa mlango. Mgongo wote ulikuwa na vishimo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

"Mzee, hivi ni kawaida?"

Nikamjibu, "Hali ya hewa ya ziwani, mwanangu. Mbao haijazoea."

Ndugu wasikilizaji, angebisha ningejisikia nafuu. Hakubisha. Alitazama mvi zangu akaniamini. Akaanza hata kujilaumu kwamba pengine aliliweka karibu na dirisha. Akanishukuru, akalirudisha gitaa mfukoni, akaelekea kituo cha daladala.

Niliketi juu ya benchi langu. Nilikumbuka bahasha zile za mwisho wa mwezi. Nikamtuma kijana wa jirani amkimbilie.

Aliporudi nilimweleza yote: masika, usiku mmoja, vanishi ya Jumanne. Nilimwambia kwamba ziwa halina kosa wala dirisha lake halina kosa. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mzee, ungeniambia tu wakati ule. Ningesubiri."

Maneno hayo bado yananichoma. Nilikuwa nimeogopa hasira ambayo haikuwepo.

Gitaa lilibaki kwangu. Nilikwangua vanishi yote, nikapiga msasa mpaka kwenye mbao, nikaziba upya mara mbili, na kila mara nikasubiri mpaka msasa utoe unga mkavu badala ya kuganda. Kazi iliyohitaji siku chache za subira ikala wiki tatu bila malipo. Methali ya ufa na ukuta niliilipia kwa fedha yangu.

Nisieleweke vibaya. Kitundu chenyewe si aibu. Wapo mafundi hodari wanaoiacha mishipa wazi kwa makusudi, wakapaka mafuta au vanishi nyepesi. Mnunuzi huiona, huigusa, na anajua anachonunua. Aibu ni kile kitundu kilichofunikwa juu juu kionekane kimezibwa, ili mwenye kununua akigundue akiwa mbali.

Kwa hiyo nina mawili ya kuwaomba. Ninyi wanunuzi, mwendapo kununua meza au kabati linalong'aa, msiridhike na kulitazama kutoka mbele. Inameni, litazameni kwa mshazari dhidi ya mwanga wa mlangoni, kisha mwulizeni fundi lilipakwa lini. Na nanyi mafundi wenzangu, kazi ikiwa bado mbichi semeni ni mbichi. Mteja akikasirika, hasira yake itakwisha. Akiwaamini kwa uongo, mtabaki na deni ambalo yeye mwenyewe hajui kama anawadai.

Kijana yule alilichukua gitaa lake siku ya jua kali. Kabla hajalipokea aliligeuza mlangoni, akalitazama kwa mshazari, kimya. Sikuudhika. Nilimpisha mwanga.