Mgeni wa Siku Moja na Mgeni wa Siku Mbili

(Mazungumzo kwa vyama wanachama juu ya ushirika na shughuli za wageni katika miji ya mwambao)

Wazee waliacha neno: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Neno hilo husemwa kila mgeni abishapo hodi, lakini ni mara chache watu hukaa wakaulizana mwenyeji ataponaje. Mgeni aweza kuja, akala, akatazama, akapiga picha na kuondoka, na mwenyeji akabaki vilevile alivyokuwa. Mazungumzo haya yanahusu jambo hilo. Mji uliochaguliwa kuwa mfano ni Bagamoyo, lakini yatakayosemwa yaweza kupimwa na vyama vya Pangani, Kilwa, Mikindani au mji mwingine wowote wa pwani.

Bagamoyo uko kiasi cha kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Ukaribu huo ni neema, na papo hapo ni mtihani. Ni neema kwa kuwa mgeni hufika kwa urahisi. Ni mtihani kwa kuwa huondoka kwa urahisi uleule. Wageni wengi hufika asubuhi, hutembezwa kwenye majengo ya kale, hula chakula cha mchana, na kabla ya magharibi gari limekwisha geuza. Mgeni wa namna hiyo huacha kiingilio na bei ya sahani moja ya chakula. Mgeni alalaye huacha bei ya kitanda, ya chakula cha jioni, ya ngoma, ya chai ya asubuhi na vitumbua vyake, ya ngalawa na ya mkeka. Kwa hiyo swali la vyama vya mji kama huu si namna ya kuwaleta wageni elfu zaidi. Swali ni namna ya kumfanya yule aliyekwisha fika alale usiku mmoja, na namna ya kuigawa fedha yake kwa haki.

Mji una nini

Hapana shaka kwamba mji wenyewe una vya kumtosha mgeni kwa siku mbili. Kiasi cha kilometa tano kusini ya mji yako magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili na makaburi, mengine yakiwa na minara ya mawe. Msikiti ulio mkongwe zaidi huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Mjini kwenyewe iko Ngome Kongwe, uko mtaa wa nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, na liko Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897, miaka michache baada ya makao makuu ya utawala wao kuhamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Upande wa kaskazini iko misioni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani.

Katika misioni hiyo mgeni huonyeshwa mnara ambamo mwili wa Livingstone uliwekwa mwezi wa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Hapo ndipo kiongozi wa wageni hupimwa. Akitaja jina la Livingstone peke yake, amesema nusu ya habari. Mwili ule haukujileta. Uliletwa kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na Susi, Chuma na wenzao, waliotembea nao kwa miezi ipatayo tisa. Kadhalika jina la mji lenyewe lina maana mbili zinazosimuliwa. Wengine husema ni mpagazi aliyebwaga mzigo na kuutua moyo baada ya safari ndefu kutoka bara. Wengine husema ni mtumwa aliyebwaga moyo wake hapo kwa kujua kwamba mbele yake ni bahari na nyuma hakurudiki. Kiongozi mwema hasemi ile inayompendeza mgeni tu. Huzisema zote mbili, kisha humwacha mgeni afikiri.

Majengo hayo mgeni huyamaliza kwa siku moja. Yamalizikapo, naye huona mji umekwisha. Hilo ni kosa la wenyeji, kwa maana sehemu ya mji iliyo hai bado hajaonyeshwa.

Bahari na saa yake

Sehemu ya kwanza iliyo hai ni bahari. Maji ya Bagamoyo hupwa mbali. Ngalawa iliyoelea asubuhi yaweza kukutwa adhuhuri imelala juu ya mchanga. Saa ya kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku; wakati wa bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, na wakati wa maji mafu tofauti huwa ndogo. Kwa sababu hiyo, karatasi iliyobandikwa ukutani kwamba safari ya ngalawa ni saa tatu kila siku haina maana yoyote kwa bahari. Mgeni atafika saa tatu akute matope, na ataondoka akiamini kuwa wenyeji ni wavivu.

Nahodha ambaye hajasoma hata darasa moja aweza kusema leo maji yatajaa saa ngapi siku ya Ijumaa ijayo. Elimu hiyo ni mali, na inastahili kulipiwa. Chama chenye busara hupanga ratiba yake kwa kumwuliza yeye. Maji yajaapo, wageni hupelekwa kwa ngalawa au mashua kutazama mikoko kuelekea mdomo wa mto Ruvu, na hufundishwa kuutambua mkoko, mchu, mkandaa na mlilana, na kazi ya kila mti. Maji yapwapo, hutembea kwa miguu juu ya mchanga, wakaona mafundi wakitia kalafati katika mbao za mashua, na jinsi foromali inavyofungwa tanga kabla ya kupandishwa mlingotini. Samaki washushwapo, huuona mnada ufukweni, namna bei inavyopanda na kukatika. Hakuna lililotengenezwa kwa ajili ya mgeni katika hayo yote. Ni kazi za kila siku, naye huja kuziona kama zilivyo.

Mikono na sanaa

Sehemu ya pili ni sanaa. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo, na tangu mwaka 2007 kimekuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ijulikanayo kwa kifupi kama TaSUBa. Tamasha la sanaa la mji huo lilianza mwaka 1982. Marehemu Hukwe Zawose, mpigaji zeze na ilimba aliyezipeleka nyimbo za Wagogo katika majukwaa ya dunia, aliishi Bagamoyo hadi kufariki kwake mwaka 2003. Mji una wachongaji, wachoraji, wapiga ngoma na wachezaji waliofunzwa kazi yao. Hata hivyo, mgeni aondokaye saa kumi alasiri hawaoni, kwa kuwa ngoma ni jambo la jioni.

Ziko pia sanaa zisizo na jukwaa. Mwanamke asukaye mkeka aweza kumfundisha mgeni kwa saa moja namna ukindu unavyochanwa, unavyotiwa rangi, unavyosukwa kuwa shupatu na mashupatu kushonwa pamoja. Mgeni aliyehangaika na shupatu la shubiri moja hatauliza tena kwa nini mkeka una bei ile. Wazee barazani waweza kumfundisha bao, mashimo yake 32 na kete zake 64, naye akashindwa mara tatu na kutaka kurudi kesho yake. Jiko la nyumbani laweza kumfundisha kukuna nazi juu ya mbuzi na kupika samaki wa kupaka. Shughuli hizi hazidai mtaji mkubwa. Zinachodai ni mpango, na mpango wa watu wengi kwa jina lingine ni ushirika.

Mahali panapovuja

Ndugu wanaushirika, yafaa sasa kutazama mahali panapovuja. Katika miji mingi ya pwani mgeni ashukapo garini huzungukwa na vijana watano, kila mmoja akimvuta kwake. Wa kwanza hutaja bei, wa pili huishusha, wa tatu huishusha tena, mpaka anayepata kazi huipata kwa bei isiyoweza kulipa kitu. Nahodha aliyekubali bei hiyo hana fedha ya kununua jaketi za kuokolea maisha, wala ya kubadili kamba iliyochakaa. Hupakia watu sita mahali pa wanne ili apate faida. Siku bahari ichafukapo, bei ile rahisi hulipwa kwa roho za watu. Siku hiyo wageni huacha kuja kwa wote, hata kwa wale ambao vyombo vyao vilikuwa salama.

Hapa ndipo ilipo hoja kuu. Bahari si ya nahodha mmoja, magofu si ya kiongozi mmoja, wala ngoma si ya mpigaji mmoja. Kile anachokuja kukiona mgeni ni mali ya mji mzima. Mali ya wote ikiuzwa na mmoja mmoja kwa kunyang'anyana, huisha thamani. Ikiuzwa kwa pamoja, kwa bei moja na kwa zamu, hudumu.

Jambo hili si geni katika ushirika. Chama Kikuu cha KNCU cha Kilimanjaro, kilichoanzishwa mwaka 1933, katika miaka ya 2000 kilikuwa na mpango ulioitwa Kahawa Shamba, ambao wageni walitembezwa na wakulima wenyewe vihambani ili kuona kahawa inavyolimwa na kutengenezwa hadi kuingia kikombeni. Katika kijiji cha Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, wanawake wa kikundi wana njia ya mbao ipitayo katikati ya mikoko, na mgeni hulipa ili kuipita.

Mgao

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa mgao. Chombo kirudipo na samaki, gharama za safari hutolewa kwanza, kisha mapato hukatwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu na mafungu ya wavuvi. Desturi hiyo yaweza kuhamishiwa kwa wageni bila kubadilishwa sana. Chukuliwe mfano wa hesabu tu: kundi la wageni limelipa shilingi 200,000 kwa shughuli za siku mbili. Chombo na mabaharia wapate 60,000, wapishi 50,000, kiongozi 40,000, wapiga ngoma 30,000, na mfuko wa chama 20,000. Chama kingine kitakata mafungu yake kwa namna nyingine. La lazima ni kwamba mafungu yajulikane kabla ya kazi, yaandikwe ubaoni, na yasomwe mbele ya wanachama kila mwezi. Ushirika mwingi ulivunjika mahali ambapo hesabu zilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Wako watakaouliza kwa nini nahodha hodari agawane na mzembe. Jibu ni kwamba zamu si sadaka. Asiyefika kwenye zamu yake hapati fungu, na ambaye chombo chake hakikukaguliwa hapewi zamu. Kinachozuiwa ni kushushiana bei, na hilo humlinda nahodha hodari kuliko mwingine yeyote, kwa kuwa ndiye mwenye gharama kubwa zaidi.

Masharti yasiyokwepeka

Kwanza, usalama. Hakuna safari bila jaketi kwa kila kichwa, na neno la nahodha kuhusu upepo lisipingwe na fedha ya mgeni. Pili, sheria. Kuongoza watalii ni kazi ya leseni kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na vyama viwasaidie vijana wao kupata mafunzo na leseni hiyo. Tatu, heshima. Mtu asipigwe picha bila idhini yake. Makaburini na misikitini mgeni aelezwe mavazi na mwenendo kabla ya kufika. Ngoma yenye makusudi yake isikatwe vipande ili kumridhisha mwenye haraka. Nne, mikoko. Fungu la mfuko wa chama lirudishe mti kwa mti uliokatwa, maana samaki wengi wadogo hukulia humo, na bila samaki hakuna mnada wa kumwonyesha mtu.

Sharti la mwisho ni kutouacha utegemezi wa kale. Mwaka 2020, safari za dunia zilipokatika kwa sababu ya UVIKO-19, waliokuwa wameuza nyavu zao ili waishi kwa wageni walibaki mikono mitupu. Kila mwaka pia masika huwapunguza wageni. Mgeni ni mazao ya ziada. Nyavu, jembe na sindano ya mkeka vibaki mahali pake, tena ndivyo vinavyomleta mgeni mwenyewe.

Ndugu wanaushirika, uko pia usemi mwingine wa wazee: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Miji ya pwani haijafika huko. Kwanza na apatikane huyo wa siku mbili, alale salama, ale vizuri, ashindwe bao na wazee, na aondoke akijua majina ya Susi na Chuma. Kila chama mwanachama kilicho mwambaoni kinaombwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano wake mkuu ujao, na kianze na swali moja jepesi: katika fedha aliyoiacha mgeni wa mwisho aliyefika hapa, ni nyumba ngapi za mji huu zilizopata fungu?