Hotuba ya Katibu: Kilo Zisizoonekana



Katika miaka hii 10 jambo moja lilitutia aibu, nasi hatulifichi. Wanachama wapya walileta kahawa ghalani, wakapimiwa, wakaandikwa katika Excel. Lakini taarifa ya malipo iliyotoka katika Power BI haikuwa na majina yao.

Tulidhani karani amekosea. Hakukosea. Programu hiyo ipokeapo jedwali hutazama mistari 200 ya kwanza na kukisia aina ya kila safu. Namba za wanachama wa zamani ni tarakimu tupu. Za wapya, zilizo chini kabisa, zina herufi B mbele. Safu nzima ikahesabiwa kuwa ya tarakimu, na penye herufi pakaachwa patupu.

Safu hiyo sasa tumeiweka kuwa ya maandishi. Wala hatulipi hata senti kabla ya kulinganisha idadi ya wanachama na jumla ya kilo za taarifa na zile za daftari la ghala.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumejifunza kwamba hata daftari lina haja ya kukaguliwa.