Maandishi Yaliyomo Katika Damu

Somo: Danieli 5:1-28, Yohana 9:1-3



Mfalme Belshaza alipoyaona maandishi ukutani, aliwaita wenye hekima wote wa Babeli, nao wakashindwa kuyasoma. Ndipo akaletwa Danieli. Leo tuwaze juu ya maandishi mengine, yaliyomo ndani ya miili yetu wenyewe.

Wataalamu huyaita DNA. Yana herufi nne tu: A, T, G na C. Herufi zipatazo bilioni 3 tumepewa na baba, na kiasi hicho hicho na mama. Mwaka 1999 wataalamu wa New York walificha ujumbe wa siri kwa herufi hizo, wakauchanganya na DNA ya watu, wakautia juu ya nukta ndogo katika barua na kuituma kwa posta. Mwenye ufunguo aliweza kusoma habari ya askari kuvamia Normandy tarehe 6 Juni. Asiye na ufunguo aliona nukta tu.

Lakini uko ujumbe ambao haukufichwa na mwanadamu yeyote. Mtoto analia usiku kwa maumivu ya mifupa. Vidole vimevimba, macho yamekuwa manjano, damu imepungua. Huu waweza kuwa ugonjwa wa selimundu, na chanzo chake ni herufi moja: T imekaa mahali pa A. Kwa herufi hiyo chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa. Baba aweza kuibeba asiugue, na mama vivyo hivyo. Wakioana wawili wa namna hiyo, kila mtoto wanayemzaa ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Ndiyo maana ndugu wengine ni wazima, na huyu mmoja anateseka.

Hapo ndipo watu huuliza, "Mbona huyu tu?" Na wengine, badala ya kwenda hospitali, huanza kumtafuta omorogi. Humtazama mama mzee wa jirani, mjane asiye na wa kumtetea.

Ndugu zangu wa Kisii na Nyamira, hatujasahau Mei 2008, watu 11 walipochomwa moto katika nchi yetu kwa kushutumiwa uchawi. Wala hatujasahau Oktoba 2021, wanawake wanne walipouawa huko Marani kwa shutuma kama hiyo. Sisemi vifo hivyo vilitokana na ugonjwa huu. Nasema kwamba tusipoelewa jambo, twatafuta wa kulaumiwa. Je, sisi tuliobatizwa tulisimama wapi? Tulimkinga mzee yule, au tulifunga milango yetu?

Wanafunzi walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Bwana hakumlaumu kipofu, wala wazazi wake, wala jirani. Basi nawe, baba, usimfukuze mkeo ukisema ameleta ugonjwa nyumbani. Mtoto akiwa na selimundu, nusu ya maandishi hayo yametoka kwako.

Mpeleke mtoto akapimwe damu. Ziko dawa za kumkinga na maambukizo na kupunguza maumivu. Nanyi vijana mnaotaka kufunga ndoa, pimeni mapema. Kupima si kukosa imani. Danieli alimtumaini Mungu, na bado aliyasoma maandishi.

Zaburi ya 139 yatukumbusha kwamba Mungu alitujua kabla hatujazaliwa. Kila herufi yetu yu aijua, hata ile iletayo machozi. Mtoto yule si laana. Jirani yule si adui.

Tuombe. Ee Baba, utusamehe kwa maneno tuliyosema juu ya wasio na hatia. Uwafariji wazazi wanaokesha usiku huu kando ya watoto wao. Utupe macho ya kusoma kabla ya kuhukumu, na moyo wa kumlinda aliye mnyonge. Kwa jina la Yesu. Amina.