Twende Wote

Leo nasema nawe wa mwaka wa kwanza, uliyefika chuoni Mlimani na begi na ndoo, ukapangiwa kitanda hosteli ya Mabibo, na tangu siku hiyo hujazungumza na mtu zaidi ya "mambo" na "poa". Chumbani mmejaa, kila mmoja na simu yake. Upweke wa katikati ya watu unauma sana.

Hauko peke yako. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, vijana wakiwa miongoni mwa wanaoathirika zaidi.

Anza na dogo. Ukienda kununua chipsi mayai, mwambie wa kitanda cha juu: "Twende wote." Sahani moja, vijiti viwili, maneno yatakuja yenyewe. Kisha tafuta mahali utakapotarajiwa kila wiki: kwaya, darasa la msikitini, timu, kikundi cha kujisomea.

Nawe wa mwaka wa tatu, jirani asipoonekana siku mbili, gonga mlango wake.

Usingizi ukikukimbia wiki nzima, au ukiwaza kujidhuru, nenda leo kwa mshauri wa wanafunzi. Usisubiri mitihani ipite.