Nasaha kwa Wasafiri wa Mwezi wa Ramadhani
(Mazungumzo na wakazi wa Kata ya Kolandoto)



Wapo vijana na wafanyabiashara wa Shinyanga wanaovuka bahari kwenda Unguja na Pemba kutafuta ajira, kuuza bidhaa au kuwatembelea ndugu. Msafiri huyo hahitaji pasipoti, kwani bado yumo ndani ya Jamhuri ya Muungano. Hata hivyo, akishuka bandarini Malindi katika mwezi wa Ramadhani, atakuta mwenendo wa maisha ulio tofauti na aliouzoea.

Mwezi huo hauna tarehe moja, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hufuata mwandamo wa mwezi na hupungua siku 11 hivi kuliko mwaka wa kawaida. Mwaka 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi. Hivyo ni vema kutazama kalenda kabla ya kukata tiketi.

Mchana, migahawa mingi Zanzibar hufungwa. Kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani huhesabiwa kuwa ni kuwavunjia heshima waliofunga, na mwezi Machi 2024 Polisi walikamata watu kadhaa kwa kula hadharani mchana. Tukio hilo lilizua mjadala, kwani Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani. Mjadala huo una mahali pake. Lakini msafiri aliyesimama sokoni Darajani na chupa ya maji mkononi hayuko mahali pema pa kuuanzisha.

Haya hayamaanishi kwamba asiyefunga ashinde na njaa. Ale chumbani, au katika hoteli zinazohudumia wageni kwa faragha. Mwenye dawa za kumeza mchana asiziache. Atafute mahali pa sitara. Dini yenyewe imewapa ruhusa ya kutofunga wagonjwa na wasafiri, na watoto hawalazimiki. Kwa sababu hiyo, si adabu kumhoji mtu kwa nini hakufunga.

Mavazi nayo yafunike mabega na magoti, na muziki wa sauti kubwa uepukwe. Aliyefunga haombi kupewa pole; inatosha kumwambia, "Funga njema." Jua likitua, mgeni akikaribishwa futari ya tende, uji na muhogo wa nazi, asikatae bila sababu, hata kama ni Mkristo. Mwaliko huo ni wa ujirani.

Ndugu wakazi, heshima hii haianzii baharini. Hapa Kolandoto wapo majirani wanaofunga. Mkutano wa mtaa ukiitishwa saa 12 jioni katika mwezi huo, jirani huyo atalazimika kuchagua kati ya futari yake na maamuzi kuhusu barabara inayopita mlangoni pake. Viongozi wa mitaa wanaombwa kuitisha mikutano mapema, ili asiwepo mkazi anayekosa sauti kwa sababu ya ibada yake. Aidha, mgonjwa wa kisukari na mama mjamzito wanaokusudia kufunga wamwone kwanza mtoa huduma za afya.

Heshima si utumwa. Amheshimuye jirani yake nyumbani hatapata taabu ya kumheshimu mwenyeji wake ugenini.